Kapi Lililo Mlangoni

Riziki, mwanangu,

Barua hii umeikuta chini ya kile chuma tunachozuilia mlango. Nimeiweka hapo kwa makusudi. Ukitoka na mizigo yako alfajiri, mlango haufungiki mpaka ukisogeze, na ukikisogeza utaona bahasha. Usiende kuisomea kwenye boti. Keti kwenye kiti changu usome mpaka mwisho, kisha uamue kama unataka nikusindikize mpaka bandarini au nibaki ndani. Mwenye boti iendayo Uvira nimeshamwambia asing'oe nanga kabla hujafika. Alinuna, tukagombana kidogo, lakini atasubiri.

Ninaandika mchana, wewe ukiwa kwa bibi yako unaaga. Upepo unatoka upande wa rasi ya Ubwari tangu asubuhi na ziwa lote limekuwa na rangi ya jivu. Mabati ya jirani yanapigapiga. Mara tatu nimeinuka kuangalia kama ni wewe unarudi, na mara tatu nimeona haya kwa kuogopa hatua za mwanangu mwenyewe.

Habari za koti, za pasi ya kusafiria, za kutokula ovyo njiani, mama yako amekwisha kuzimaliza. Mimi nina jambo moja. Lina umri wa miaka kumi na moja, na Jumatano iliyopita, mezani, wewe mwenyewe ulilifufua bila kujua.

Unakumbuka. Ulikuja na simu mkononi, mboga hata haijapakuliwa, ukatusomea ujumbe wa yule msimamizi wa uwanja wa ndege huko Ulaya unakokwenda kujifunza kazi. Ulikuwa unacheka peke yako.

"Papa, sikia! Banabadilisha kamba mwezi ile nafika. Ile ya chuma inatoka, ya plastiki inaingia. Mi ndiye nitaifunga ku winchi siku ya kwanza!"

Mama yako akauliza kamba ya nini tena, na wewe ukachukua uzi na kijiko ukatufundisha kwa mara ya kumi. Kijiko ni ndege isiyo na injini, nyembamba, yenye mabawa marefu. Uzi ni kamba ya kilomita nzima iliyolazwa kwenye majani. Kule mwisho kuna winchi yenye injini kubwa. Inazungusha ngoma yake, kamba inavutwa, ndege inakimbia na kupaa ikiwa imeinua pua kama mtu anayepanda ngazi, kisha juu kabisa inaachia kamba na kubaki na upepo. Ukatuambia kwamba kamba ya chuma ni mzigo wa kuburutwa na gari, lakini hii mpya, kwa urefu uleule, mtu anaweza kuibeba begani, na ukiitupa majini inaelea. Ukatuambia kwamba ya chuma ikikatika inarudi kama nyoka na kukata miguu ya watu, na hii ikikatika inaanguka tu, imelegea. Yote hayo ni kweli. Nilikuwa ninayajua kabla yako.

Ndipo nikakuuliza juu ya makapi, yale magurudumu yenye mfereji ambamo kamba hupita: "Na mapuli?"

"Mapuli na marola batabadilisha mwaka kesho. Banasema ingali muzuri. Papa, juu ya nini unasimama?"

Nilitoka nje bila kukuambia kwa nini nimesimama. Mama yako alikuambia kwamba ninalia kwa sababu unaondoka, na wewe ukanifuata ukanishika bega, ukanitania kwamba mzee mwenye ulimi mkali ana moyo wa ugali. Sikulia kwa sababu unaondoka, Riziki. Nililia kwa sababu nilisikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kwenye simu yako.

Wewe unamjua baba yako kama watu wa mji huu wa Baraka wanavyomjua. Mwalimu wa Kifaransa aliyesoma vitabu vingi kuliko mshahara wake. Mtu wa makaratasi: kila jambo likinikera naliandika, nalitolea nakala, naligawa sokoni na kwenye milango ya makanisa, ya Wakatoliki na ya Waprotestanti bila ubaguzi. Nimegombana na wakuu, na mapadri, na wachungaji, hata na kamati ya mpira. Mara nyingi nilikuwa na haki. Nataka ulielewe hilo kabla ya mengine, maana watu wanafikiri madhara hufanywa na waongo na wajinga. Mimi siku nitakayokusimulia nilikuwa na haki katika mambo manane kati ya tisa.

Ulikuwa na miaka tisa. Mjomba wako Alimasi, kaka wa mama yako, alikuwa ameacha nyavu zake kule Ubwari na kwenda Misisi kuchimba dhahabu, kwa sababu samaki walikuwa wamepungua na maneno ya dhahabu yalikuwa yameongezeka. Unamkumbuka kwa mikono yake. Ndiye aliyekufundisha kuunga kamba bila fundo, kwa kuingiza ncha ndani ya tumbo la kamba yenyewe, ili kadiri inavyovutwa ndivyo inavyojibana. Ulikaa kati ya magoti yake siku nzima mpaka ukaweza. Alikupa samaki mzima peke yako kama zawadi, ukaugua tumbo.

Shimo lao lilikuwa refu, na watu walishuka na kupanda kwa winchi ya injini ndogo. Kamba ilikuwa ya chuma, kuukuu, nyuzi zake zimekatika na kusimama kama miiba. Kila aliyeishika alitoka damu. Kisha siku moja ilikatika, ikarudi juu, ikamkata mguu kijana wa Kilembwe aliyekuwa amesimama tu akisubiri zamu. Nilipanda pikipiki kwenda Misisi, nikamwona, nikarudi, nikaandika. Labda ndiyo karatasi bora niliyowahi kuandika. Nilimshambulia mwenye shimo, yule ambaye wachimbaji wanamwita PDG, kwa Kifaransa bosi mkuu, mpaka akaogopa kupita sokoni. Nilisema chuma kile ni mnyama na yeye ndiye anayemfuga.

PDG akakubali kutafuta kamba nyingine. Na ikawa kwamba Papa Useni, mfanyabiashara wa hapa Baraka, alikuwa amepata kutoka ng'ambo ya ziwa shehena ya vitu mchanganyiko, na ndani yake ngoma ya kamba nyeupe, nyepesi, laini kama utambi. Hakujua ni ya nini. Ilikuwa imefungwa pamoja na karatasi ya Kifaransa, ukurasa mmoja, na kwa kuwa ni Kifaransa aliniletea mimi.

Karatasi ilikuwa na sehemu mbili. Juu kulikuwa na picha: ndege nyeupe isiyo na injini, pua imeelekea angani, na chini ya tumbo lake mstari mwembamba wa kamba ukishuka mpaka nje ya picha. Chini kulikuwa na maelezo, mistari tisa. Kamba ya kurushia ndege kwa winchi. Jinsi ya kuiunga, jinsi ya kuitunza, vitu inavyovipenda na vinavyoiua.

Picha ile unaijua. Ilikaa ukutani juu ya kitanda chako miaka kumi na moja, na kwa ajili yake ulisoma ufundi wa mashine wakati wenzako wote wa kike walikwenda ualimu na uuguzi. Uliniuliza mara nyingi kwa nini imechanika chini. Nilikuambia niliipata hivyo.

Niliichana mimi.

Nitakueleza, na nitakueleza taratibu, maana hapa ndipo nimekuwa nikikimbia.

Misisi wana desturi ambayo mgeni akiisikia anacheka. Kapi, au puli kama wanavyoliita, likishapandisha dhahabu ya kwanza kutoka shimoni, haliondolewi tena mpaka mshipa ukauke. Wanalimwagia pombe. Mwanamke haligusi. Wanaamini dhahabu inaijua njia iliyopitia, na ukibadilisha kapi umeibadilishia njia, inakimbilia shimo la jirani. Kapi la shimo lile lilikuwa limepitisha kamba ya chuma miaka tisa. Ile kamba ilikuwa imelila. Ndani ya mfereji wake kulikuwa na kingo na meno madogo ambayo jicho haliyaoni. Chuma na chuma vilizoeana. Kamba ya nyuzi ni kitu kingine. Haina miiba ya kukuonya. Inapitia kwenye jino lilelile mara mia, inakatwa unyuzi kwa unyuzi, inapata joto la kusuguliwa, na nje inabaki nyeupe na nzuri mpaka dakika ya mwisho.

Mstari wa saba wa karatasi ile ulisema hivi: kamba hii isipitishwe kamwe kwenye kapi wala rola iliyowahi kupitisha kamba ya chuma, mpaka kwanza vifaa hivyo vibadilishwe au visawazishwe upya.

Niliusoma. Niliuelewa. Nilikuwa mtu pekee kati ya Baraka na Misisi aliyeuelewa.

Jumapili baada ya ibada wachimbaji wote walikutana kwenye hangari, lile banda la kusagia mawe, wapige kura kama watakubali kamba mpya. Wengi walikuwa wanasitasita. Kamba nyepesi vile, walisema, ni ya kufungia mbuzi. Mimi nikapanda juu ya gunia la mawe nikaanza. Nilisema vizuri sana siku ile, Riziki. Niliwaonyesha mikono yao wenyewe. Nilimtaja yule kijana na mguu wake. Niliwasomea karatasi mstari kwa mstari, Kifaransa kwanza ili waone haya, kisha Kiswahili. Wa kwanza, wa pili, mpaka wa sita. Nilipofika wa saba niliwaangalia. Nilijua kwamba nikiusoma watasema kapi haliondoki, na kama kapi haliondoki basi kamba nyeupe haiingii, na chuma kitabaki, na mnyama niliyempiga vita ataendelea kula watu. Na zaidi ya hapo, nikuambie ukweli, nilijua kwamba nitakuwa nimeshindwa mbele ya PDG.

Nikasoma wa nane na wa tisa.

Nilijiambia: kamba kwanza, kapi mwezi ujao. Wakishaizoea nitawaambia. Hicho ndicho nilichojiambia.

Mwenye kuendesha winchi alikuwa Mzee Sebahire. Alitoka juu milimani, katika zile familia za wafugaji wanaosema Kinyarwanda, alishuka siku nyingi zilizopita akajifunza injini, na kwa miaka tisa mikononi mwake hakuanguka mtu. Alipanda mwenyewe kwenye mbao za shimo, akatia kidole kwenye mfereji wa kapi, akashuka na kidole kinavuja damu. Akakiinua mbele ya wote.

"Mwalimu, kamba iko muzuri, mi sikatai. Lakini hii puli ilikulwa na chuma. Kama inakata ngozi ya muntu, nyuzi itaziacha?"

Watu wote wakanigeukia. Nilikuwa na nafasi. Karatasi ilikuwa mkononi mwangu, na yule mzee, bila kujua Kifaransa, alikuwa amesoma mstari wa saba kwa kidole chake.

Nikasema, "Mzee, ng'ombe ndiyo unazijua. Hapa tuko nazungumuza mashini."

Walicheka mpaka wengine wakashika matumbo. Mmoja akalia kama ndama. Mzee Sebahire alijifuta kidole kwenye suruali, akaniangalia muda mrefu, si kwa hasira, akaenda kuzima injini yake. Unajua mambo yaliyotokea kati ya watu wetu na watu wao, na yanayoendelea. Watu wanafikiri mambo hayo huanza na bunduki. Mimi nimesikia yakianza kwa kicheko, na mchekeshaji nilikuwa mimi, mtu aliyesoma.

Mjomba wako peke yake hakucheka. Alisogea mpaka karibu na gunia langu, akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeuliza saa:

"Shemeji, we ndiye unasoma. Ile karatasi inasema nini juu ya puli?"

"Haisemi kitu, Alimasi."

"Kweli?"

"Mi nimekudanganya siku gani?"

Akaitikia kwa kichwa, akaridhika, akageuka akawapigia kelele wenzake: "Basi! Shemeji amesoma. Tupige kura!" Na watu wakapaza sauti kwamba puli ya dahabu haitoke, kamba mupya iingie, vyote viwili kwa pamoja, wakanibeba juu juu. Sijawahi kushangiliwa hivyo kabla wala baada.

Mwezi ujao ulifika. Nilikuwa na karatasi nyingine ya kuandika, juu ya jambo jingine. Niliahirisha. Kamba ilikuwa inafanya kazi vizuri, mikono ya watu ilikuwa imepona, wachimbaji walinipa salamu mpaka barabarani. Kila wiki nilijiambia wiki ijayo. Ilipokatika, ilikatika palepale kwenye kapi, bila mlio, na Alimasi alikuwa amebakiza urefu wa nyumba moja kufika juu. Wenzake wanasema alikuwa anaimba.

Tulimzika Ubwari. Ulikataa kutoka kwenye mtumbwi. Wewe mtoto wa miaka tisa ulishika ncha ya kamba ya mtumbwi, ukaifungua na kuiunga, ukaifungua na kuiunga, mpaka tukarudi.

Na mimi nikafanya la pili, ambalo wakati mwingine naliona baya kuliko la kwanza, kwa sababu la kwanza nililifanya nikiwa nimelewa ushindi na hili nililifanya nikiwa mzima. Niliandika. Kurasa nne. Nilisema kamba ilikuwa bandia na Papa Useni alijua. Kila mtu aliamini, maana nilikuwa nimefiwa. Vijana walivunja duka lake wakati yeye yuko msikitini. Yuko Kilembwe sasa, anauza chumvi na sabuni kwenye meza. Nimeanza kumwandikia mara nyingi na kila mara mkono huu unaojua kutukana dunia nzima umeshindwa kumaliza salamu. Mzee Sebahire alirudi kwao milimani mwezi uleule. Huko sasa hakuna anayepita kirahisi, na sijui kama yuko hai. Yule siwezi hata kumwandikia.

Na wewe ulikua ukiamini kwamba kamba bandia ilimuua mjomba wako. Uliliandika hilo kwenye barua yako ya kuomba nafasi. Ulinipa nikusahihishie Kifaransa: kwamba unataka kujua kamba, uzipime, uzielewe, ili mfanyabiashara mwingine asiue mjomba wa mtu. Niliisahihisha. Niliondoa makosa mawili madogo na kuliacha kubwa.

Karatasi ile niliichana jioni ya mazishi. Sehemu ya chini nilitaka kuichoma, na sikuweza, labda kwa sababu sijawahi kuchoma kitu kilichoandikwa. Sehemu ya juu ulikuwa umeshaiona ukaipenda, nikakupa. Hivyo ndivyo ulivyopata ndege yako. Kapi nililiomba kwa PDG. Alinipa bila kuuliza. Wachimbaji walikuwa wameshaliogopa. Nililileta nyumbani na kulitia mlangoni. Umejigonga nalo kidole cha mguu utoto wako wote, na kila ulipolitukana nilinyamaza.

Leo asubuhi nimemwambia mama yako. Nilimkuta nje anachagua ndakala, wale dagaa wa ziwa letu, kwenye sinia. Nilisimama mbele yake nikaeleza yote, mstari wa saba, Alimasi alivyoniuliza, nilivyomjibu. Mikono yake haikusimama.

"Mi najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Ile siku ulileta hii chuma ku nyumba, nilijua. Muntu hawezi kuchunga chuma yenye iliua shemeji yake, aiangalie kila siku, kama hakuna kitu iko namukula ndani."

"Juu ya nini haukusema?"

"Nilikuwa nangoya useme we. Miaka kumi na moya nangoya." Akatupa ndakala mbovu kwa kuku. "Sasa mwambie mutoto mbele hajapanda boti. Ukikosa, mi namusindikiza mpaka Uvira, nitamwambia huko. Na hapo hautakuwa na maneno."

Kisha akaniuliza kama nitakula. Sikujua huruma inaweza kutisha namna ile.

Basi sasa unajua. Na sasa sikiliza, si kwa ajili yangu, maana mimi nimekwisha.

Huko uendako wana kamba mpya na makapi ya zamani. Wana msimamizi anayesema mwaka kesho. Usifikiri kwamba kwa kuwa ni Ulaya, kwa kuwa uwanja una majani yaliyokatwa na watu wanavaa vizibao vya rangi, neno hilo limekuwa neno jingine. Wao nao wana PDG wao. Wao nao wana kitu walichokipenda ambacho hawataki kukiondoa, na hawatakuambia ni mapenzi; watakuambia kingali kizuri. Ulitueleza kwamba kati ya kamba na ndege wanaweka kipande kidogo cha chuma kilichofanywa dhaifu kwa makusudi, ili mvuto ukizidi kikatike chenyewe kabla ya bawa. Nilikipenda sana kipande hicho, lakini nikafikiri: hicho kinalinda ndege isivutwe kupita kiasi. Hakilindi kamba inayoliwa kimya kimya kwenye kapi. Na ulituambia pia kwamba saa mbaya ya kamba kukatika ni pale ndege imeinua pua na ardhi ingali karibu. Ulisema marubani wanafanyia mazoezi jambo hilo. Labda. Alimasi naye alijua kupanda.

Utakuwa mdogo kuliko wote pale, mwanamke, mwanafunzi, mtu wa Baraka. Utasimama ukisema makapi haya yamepitisha chuma, na mmoja wao, pengine mtu mwema, pengine mtu aliyesoma sana, atasema kitu cha kuchekesha juu ya mahali unakotoka. Na watacheka. Utakuwa Sebahire wao. Nilipofika hapa katika mawazo yangu Jumatano, ndipo nilipotoka nje.

Nakuomba usiwe na ulimi wangu. Unao, nilikuona ulivyomfedhehesha yule mwalimu wa fizikia mbele ya darasa, nami nikacheka usiku kucha kwa fahari, Mungu anisamehe. Ulimi ule unashinda watu, na aliyeshindwa hakubadilishii kapi. Yule mzee alipanda akatia kidole, akakiinua. Kama ningekuwa mtu wa kusikia, ingetosha. Fanya kama yeye. Na wakicheka, usiondoke kama yeye alivyolazimika kuondoka. Kaa karibu na winchi. Kataa kuiwasha. Wakikurudisha nyumbani, rudi. Nitakupokea bandarini kwa shangwe kuliko walivyonibeba Misisi.

Ndani ya bahasha kuna nusu ya karatasi. Picha yako umeiweka kwenye daftari lako la safari, nilikuona. Ziweke pamoja, utaona mchaniko unalingana. Kisha uende nazo zote mbili. Siku watakayofungua ngoma ya kamba mpya, kabla hujafunga chochote, wasomee karatasi nzima kwa sauti, mstari kwa mstari, Kifaransa chao wenyewe. Ukifika wa saba usiinue macho kuwaangalia. Mimi nilipowaangalia ndipo nilipouruka.

Hukumu yangu naiacha kwako. Unaweza kwenda bila kuniaga. Sitakutumia mtu wa kukubembeleza, wala sitaandika kurasa nne. Nitakuwa nyuma ya pazia, nimevaa viatu. Ukitaka nikubebee mizigo mpaka majini, rudisha kapi mahali pake na uache mlango wazi. Ukitaka nibaki, funga. Nitausikia.

Ila kabla hujachagua, tia kidole ndani ya mfereji wa kapi ukizungushe mara moja. Polepole, mwanangu. Bado unakata.

Papa yako